Dawa za Kusafisha Ini Nyumbani: Yale "Mawe" ya Kijani Ni Nini?

Maelekezo hufanana. Unashinda na juisi ya tufaha, jioni unakunywa mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na maji ya limau, na mara nyingi unaongezewa chumvi ya haluli ili uharishe. Asubuhi unakuta chooni vidonge laini vya kijani. Unaambiwa mawe yametoka, ini limetakata.

Waliovikuta hawasemi uongo, vidonge vipo. Lakini si mawe. Mwaka 2005 jarida la tiba The Lancet lilichapisha taarifa ya wataalamu wa New Zealand kuhusu mwanamke mwenye mawe ya nyongo aliyetumia dawa hii, kisha vidonge alivyovitoa vikapelekwa maabara. Havikuwa na kolesteroli, bilirubini wala kalisiamu, vitu vinavyojenga mawe ya nyongo. Sehemu kubwa ilikuwa asidi za mafuta, na vilipopashwa moto hadi nyuzi 40 vikayeyuka. Kumbe mafuta aliyoyanywa ndiyo yaliyogeuka sabuni ndani ya utumbo. Mawe yake halisi hayakwenda popote. Ilibidi yaondolewe kwa upasuaji.

Ini halirundiki uchafu unaosubiri kufagiliwa. Linaigeuza amonia kuwa yurea, nayo figo huitoa kwa mkojo; linavunja pombe na dawa, na mabaki mengine huyapitisha kwenye nyongo hadi chooni. Kazi hiyo haikomi usiku wala mchana, na hakuna kinywaji kinachoifanya kwa niaba yake.

Madhara, hata hivyo, yapo. Mafuta mengi kwa mkupuo huubana mfuko wa nyongo, na jiwe la kweli linaweza kusukumwa likaziba njia. Kuharisha sana hukausha maji mwilini. Chumvi ya haluli ni hatari kwa mgonjwa wa figo. Baadhi ya dawa za mitishamba nazo huliumiza ini lenyewe.

Ukitaka kulilinda ini, anzia ghalani. Sumukuvu inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Kausha mahindi vizuri juu ya turubai, yasigusane na udongo. Yaliyoota ukungu usiyale, usiyapikie pombe wala usiwape kuku. Kuyachemsha hakuondoi sumu hiyo. Mpeleke mtoto akamilishe chanjo, maana kinga ya homa ya ini B imo humo. Paracetamol ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Pombe iache, au angalau ipunguze.

Na ukiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo una rangi ya chai ya rangi, tumbo linajaa maji, au mtu anatapika damu, usimtafutie limau. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.