Saa kwa Kiingereza

Watoto, toka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kama kilometa 90. Ng'ambo ya mpaka, katika Zambia, barua na matangazo ya kazi huandikwa kwa Kiingereza. Mwenye kwenda huko na asijue saa za Kiingereza aweza kupoteza siku nzima.

Kwanza hesabu. Kiswahili cha vitabu huanza kuhesabu saa jua likichomoza. Kiingereza huanza katikati ya usiku, sawa na Kifaransa. Basi ongeza sita: saa moja asubuhi ni «seven o'clock in the morning». Ukipita kumi na mbili, toa kumi na mbili: saa nane mchana ni «two o'clock in the afternoon». Herufi a.m. na p.m. ni za Kilatini, maana yake kabla ya adhuhuri na baada ya adhuhuri. Saa yetu na ya Zambia ni moja; Kinshasa ndiyo iliyo nyuma yetu kwa saa moja.

Sasa angalieni vizuri, maana hapa wengi huanguka. Sisi tunasema «mpaka saa kumi» kwa mambo mawili. Waingereza wana maneno mawili. «I will wait until four o'clock»: nitakaa nikingoja, saa kumi ikifika nitaacha. «Come by four o'clock»: njoo kabla saa kumi haijapita, ukija saa tisa ni vema.

Mama mmoja ana magunia yake ya unga. Dereva amemwandikia: «The lorry will leave by four o'clock.» Mama anafikiri lori litaondoka saa kumi kamili. Anafika saa kumi kasoro dakika tano, anakuta vumbi tu. Dereva hakusema uongo: maneno yake maana yake ni kwamba ikifika saa kumi lori litakuwa limekwisha kuondoka, na liliweza kuondoka hata saa tisa.

Neno «tangu» nalo lina hatari, kama «depuis» ya Kifaransa. Ukitaja mwanzo, tumia «since»: «since Monday», «since 2021». Ukitaja urefu wa muda, tumia «for»: «I have lived in Kasungami for three years.» Usiseme kamwe «since three years».

Yaliyobaki ni mepesi. Saa huchukua «at», siku «on», mwezi na mwaka «in». Asubuhi ni «in the morning», lakini usiku ni «at night». Usiulize sababu, ndivyo wasemavyo.

Maulizo. Geuzeni kwa Kiingereza:
1. Baba yuko kazini mpaka saa kumi na moja jioni.
2. Leteni daftari kabla saa tatu asubuhi haijapita.
3. Mvua inanyesha tangu siku mbili.
4. Mvua inanyesha tangu Jumapili.