Mwanangu Akisomewa na Kompyuta, Atajua Kusoma?

*Mshauri, mwanangu yuko darasa la tano. Ukimsimulia somo la sayansi, anajibu kila swali. Mpe kitabu asome mwenyewe: anakwama, anaruka maneno, mwisho analia. Mwalimu anasema ni mvivu. Tumenunua kompyuta ya mtumba, ya Windows, na jirani anasema inaweza kumsomea kwa sauti. Baba yake hataki. Anasema mtoto akisomewa na mashine hatajua kusoma kamwe. Nifanye nini?*
*Mama, Morogoro*

Mama, pole sana. Mtoto anayejibu kila swali akisimuliwa si mvivu. Anahangaika kuliko wenzake kulipata neno lile lile.

Kwanza mpeleke akapimwe macho na masikio. Asiyeona vizuri huruka mistari, na mwenye disleksia, yaani ugumu wa kutambua maneno yaliyoandikwa, pia huruka, lakini msaada wanaouhitaji haufanani.

Macho na masikio yakiwa salama, mjaribishe kompyuta, ila usinunue programu yoyote ya kumsomea. Windows 10 na 11 zina kivinjari cha Edge. Fungua humo habari au kitabu cha PDF, kisha bonyeza Ctrl, Shift na U kwa pamoja. Kompyuta itasoma, na neno linalosomwa litawekewa rangi. Chagua sauti ya Kiswahili. Zipo za lafudhi ya Tanzania na za Kenya, ila zinahitaji intaneti. Punguza kasi mpaka macho yake yaende sambamba na sauti. Kitabu kiwe cha maandishi yaliyochapwa, maana kurasa zilizopigwa picha mara nyingi hazisomeki. Herufi zikiwa ndogo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, skrini itakuzwa.

Baba yake msikilize, kwani hofu yake ina msingi: mtoto akikaa kusikiliza tu bila kutazama maandishi, hajifunzi kusoma. Lakini kusoma kuna kazi mbili, kutambua maneno na kuelewa maana. Mwanenu kuelewa anaweza. Maneno ndiyo yanamzuia. Sauti itamwezesha kwenda na wenzake katika sayansi, huku kusoma kwenyewe mkiendelea kumfundisha. Kila jioni chukueni aya moja fupi. Asikilize huku akifuata kwa macho, kisha zima sauti asome mwenyewe, wewe ukiwa kando yake. Akikwama mtajie neno, msonge mbele, bila kumkaripia.

Insha nazo zikimtesa, kibodi ya Google kwenye simu ina alama ya maikrofoni: atasema, simu itaandika, naye atasahihisha.

Baada ya wiki chache nendeni shuleni, wewe na baba yake pamoja. Mwelezeni mwalimu mlichokiona. Mwombeni asimsimamishe kusoma mbele ya darasa bila kumpa nafasi ya kujiandaa, na baadhi ya maswali amuulize kwa mdomo. Wazazi mkiwa na kauli moja, mwalimu atawasikiliza, na mtoto atajua kwamba nyumbani kwao hakuna anayemwona mjinga.