Jumanne: Kukiri na Kurejesha

Soma Hesabu 5:5–7 na Luka 19:1–10. Zakayo alifanya nini kilichoonesha kwamba toba yake ilikuwa ya kweli?

Torati ilimtaka mkosaji aungame, arudishe kikamilifu alichochukua na kuongeza sehemu ya tano, ampe yule aliyemkosea. Zakayo alikwenda mbali zaidi. Alisimama, akataja kiasi: nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Katika mafungu yote mawili, aliyeumizwa hasahauliki.

Je, kanuni hii inaweza kutumika hata kwa makosa ya vita? Mwaka 2016, baada ya vita vya zaidi ya miaka 50, serikali ya Kolombia na waasi wa FARC walitia saini mkataba wa amani ulioanzisha mahakama maalumu. Mhusika mkuu wa makosa mazito anayesema kweli yote mapema na kukubali hatia yake hapelekwi gerezani. Uhuru wake huwekewa mipaka kwa miaka 5 hadi 8, naye hufanya kazi za kurekebisha madhara, kama vile kusaidia kutafuta waliopotea na kuondoa mabomu yaliyotegwa ardhini. Anayekana, kisha akapatikana na hatia, anaweza kufungwa hadi miaka 20. Hukumu za kwanza za kurejesha zilitolewa Septemba 2025: kwa viongozi 7 wa zamani wa FARC kwa sababu ya utekaji nyara, na kwa wanajeshi 12 wa zamani waliohusika na mauaji ya watu waliotangazwa kwa uongo kuwa waasi waliouawa vitani.

Baadhi ya waathirika waliona adhabu hiyo ni nyepesi mno. Uchungu wao usipuuzwe. Ng'ombe aliyeibwa aliweza kulipwa kwa ng'ombe (Kutoka 22:1), lakini katika Israeli mwuaji hakuruhusiwa kujikomboa kwa fidia (Hesabu 35:31). Hakuna kazi iliyo bei ya mtoto aliyeuawa.

Basi kurejesha kuna faida gani? Gereza linaweza kumfunga mtu bila kumfungua kinywa. Mama anayeambiwa mwili wa mwanawe ulipo anaweza hatimaye kumzika. Ndiyo maana ukweli ni sharti. Ukiondolewa, huruma kwa mkosaji hugeuka kuwa pazia la kufunika damu. Na damu ya Habili ilimlilia Mungu hata pale ambapo Kaini alikana (Mwanzo 4:9, 10). Mahakama inaweza kumdai mkosaji ukweli. Haiwezi kumwamuru aliyeumizwa asamehe.

Tena, Yesu aliamua kukaa nyumbani mwa Zakayo kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Neema ilitangulia, kurejesha kukafuata. Hatununui msamaha kwa kulipa. Bali aliyesamehewa hawezi kuendelea kumkwepa yule aliyemdhulumu.

Je, kuna kosa ambalo umeliungama kwa Mungu, lakini hujamwendea uliyemkosea? Utarejesha nini juma hili?

Jadilini darasani: Kanisa litawezaje kumpokea mkosaji aliyetubu bila kumwongezea jeraha aliyeumizwa, hasa wote wawili wanapoketi katika kanisa moja?