Kilio cha Mtoto Si Ukaidi Siku Zote

Mara nyingi katika ukurasa huu tumewahimiza wazazi wasiogope kuwarudi watoto wao. Leo hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Jumapili moja, katika parokia moja ya mkoa wa Songwe, tulikuwa tukiadhimisha Misa. Ngoma zilipopigwa na kwaya ikainua sauti katika vipaza sauti, mtoto wa miaka minne hivi aliziba masikio, akajitupa sakafuni, akapiga mayowe na kumwuma mama yake mkono. Nasi tukasema kutoka altareni, mbele ya waamini wote, kwamba mama amtoe mtoto nje, na kwamba ajifunze kumtia adabu. Akatoka huku akilia. Jumapili zilizofuata hatukumwona. Baadaye tulipata kujua kwamba mtoto yule hakuwa mkaidi hata kidogo. Ngoma zilimwumiza. Somo hili twaliandika kwa ajili ya mama yule na wazazi wengi walio kama yeye, ili kosa letu lisirudiwe na wengine.

MILANGO YA FAHAMU

Sote tulifundishwa shuleni kwamba mtu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Wataalamu huongeza mingine mitatu iliyofichika. Wa kwanza umo ndani kabisa ya sikio, nao hutujulisha kama tumesimama wima, tumeinama au twazunguka. Wa pili umo katika misuli na viungo, nao ndio utuwezeshao kupeleka tonge kinywani hata gizani. Wa tatu hutuletea habari za ndani ya mwili: njaa, kiu, haja, na mapigo ya moyo.

Habari za milango hiyo yote huingia katika ubongo kila wakati. Ubongo nao hufanya kazi kama mama apepetaye ulezi kwa ungo: makapi hupeperushwa, punje hubaki. Ndiyo sababu mtu akaaye Tunduma, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, aweza kulala usingizi mzito ingawa malori yanguruma usiku kucha. Masikio yake yasikia, lakini ubongo umekwisha kuamua kwamba mngurumo ule ni makapi.

Basi, wako watoto ambao ungo wao haupepeti namna hiyo. Kila sauti, kila harufu na kila mguso huwaingia kwa nguvu ile ile. Tumfikirie mtoto wa jinsi hiyo anayeshikwa mkono na mama yake kwenda sokoni Tunduma asubuhi ya baridi ya mwezi wa Juni. Sweta la mtumba lamwasha shingoni. Lori lapiga honi, mashine ya kusaga yavuma, kila duka lapiga muziki wake. Harufu ya dagaa yachanganyika na moshi wa dizeli. Wapita njia wamgusa mabega. Mama asimama kubadilisha kwacha, na mazungumzo yarefuka. Ghafula mtoto ajitupa chini, apiga mateke, amtukana aliyemgusa. Watu wakusanyika. Mmoja asema mtoto hakufundwa. Mwingine asema ana pepo. Wa tatu ampa mama ufito. Hakuna aulizaye mtoto huyo amesikia nini, amenusa nini, ameguswa wapi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wako pia watoto wa namna nyingine, ambao habari za mwili huwafikia kwa udhaifu. Hao huzitafuta kwa nguvu: huzunguka mpaka watu washangae, huruka kutoka juu ya meza, hutafuna kola za mashati, hukumbatia wenzao hadi kuwaumiza. Wengine hawahisi joto wala maumivu upesi, na yafaa walindwe sana karibu na jiko na maji ya moto. Tena mtoto mmoja aweza kuwa na hali zote mbili: kuchukia kuguswa kichwani, na papo hapo kupenda kubanwa ndani ya blanketi zito.

MAMBO HAYA YALIJULIKANA LINI

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa Baltimore huko Marekani, alichapisha habari za watoto 11 wenye hali ambayo leo kwa Kiswahili huitwa usonji. Aliona kwamba mashine za nyumbani, na hata upepo, ziliweza kuwatia hofu kubwa. Akaona na jambo la pili, ambalo wazazi wengi hulishangaa: mtoto yule yule aliyeogopa kelele aliweza kupiga kelele kubwa kama hizo mwenyewe, akafurahi. Wazazi wa kwetu nao huuliza, “Mbona yeye hupiga masufuria kutwa, na kengele ya shule akaikimbia?” Jibu si gumu. Kelele aifanyayo mwenyewe ajua itaanza lini na itakoma lini. Kelele ya mwingine humvamia.

Mwaka 1972 mtaalamu mwingine wa Marekani, A. Jean Ayres, alichapisha kitabu chake juu ya jinsi ubongo unavyokusanya na kupanga habari za milango ya fahamu, na taabu impatayo mtoto kazi hiyo isipokwenda sawa. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliiweka hali hii ya kuhisi kupita kiasi, au kuhisi kwa udhaifu, miongoni mwa dalili za usonji. Hata hivyo, si kila mtoto achukiaye kelele ana usonji. Wako wenye hali hii pasipo usonji.

Twapenda wazazi walishike neno moja hapa. Kwa miaka mingi baada ya 1943 wako waliofundisha kwamba usonji huletwa na ubaridi wa mama asiyempenda mwanawe. Mafundisho hayo yamekwisha kukataliwa, maana hayakuwa ya kweli. Basi, asiwepo mume, mkwe wala jirani wa kumtupia mama lawama hiyo.

DEKE NA KUZIDIWA

Labda msomaji atatuuliza: “Je, mwataka tuwaache watoto wafanye watakavyo? Mchelea mwana kulia hulia yeye.” Methali hiyo ni ya kweli, nasi hatuitangui. Lakini methali yasema juu ya deke, wala haisemi juu ya maumivu. Mzazi mwenye busara hujifunza kuyatenga mawili hayo.

Mwenye deke ana kitu akitakacho. Apewapo pipi, machozi hukauka. Aliyezidiwa hanyamazi hata apewe pipi kumi. Mwenye deke hutupa jicho aone kama anatazamwa. Aliyezidiwa hajali watazamaji, naye aweza kugonga kichwa ukutani au kujiuma. Mwenye deke akishinda hurudi mchezoni. Aliyezidiwa, tufani ipitapo, mara nyingi huchoka kabisa, hata akalala. Alama hizi hazikati neno siku zote, kwa maana deke nalo laweza kugeuka kuwa kuzidiwa. Walakini humsaidia mzazi afikiri kwanza kabla ya kunyosha mkono.

Fimbo kwa mtoto aliyezidiwa haifundishi kitu. Yamwongezea maumivu juu ya maumivu, tena yamfundisha kumwogopa yule ambaye angemkimbilia.

LA KUFANYA

Kwanza, mzazi atwae daftari, na kwa muda wa siku saba aandike kila tufani: ilikuwa saa ngapi, mahali gani, jambo gani lilitangulia, mtoto alifanya nini, na nini kilimtuliza. Mara nyingi, wiki isipokwisha, ataona jambo lijirudialo: ni wakati wa kunyolewa, au mboga ya mlenda, au saa ya watoto kutoka shule.

Pili, apunguze lile limwumizalo. Nguo ya mtumba ifuliwe mara kadha kabla ya kuvaliwa, lebo yake ikatwe, na chini ya sweta la shule ivaliwe fulana laini iliyozoeleka. Nywele zikatwe kwa mkasi ikiwa mashine yamtisha. Maji ya kuoga yaanzie miguuni. Sokoni aende mapema kabla ya msongamano, naye aambiwe kabla: “Tutanunua nyanya na mafuta, kisha tutarudi.” Chakula akikataacho asilazimishwe kwa nguvu, bali kiwekwe kidogo kando ya kile akipendacho, siku baada ya siku.

Tatu, tufani ikianza, mzazi aseme maneno machache kwa sauti ya chini. Amtoe mtoto kwenye kelele, akilinde kichwa chake, amkumbatie ikiwa tu mtoto apenda, kisha angoje. Mafundisho na maonyo yana saa yake, nayo ni baada ya utulivu. Hapo ndipo afundishwe kwamba kuuma watu ni vibaya, na aonyeshwe la kufanya badala yake: kuziba masikio, kuvuta kanga ya mama, au kusema “nitoke”.

Nne, apelekwe zahanati au kituo cha afya. Masikio yenye usaha, macho mabovu, kifafa au madhara ya malaria iliyopanda kichwani huweza kuleta tabia zinazofanana na hizi. Mtoto wa miaka miwili asiyesema neno, asiyeitika jina lake, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, asingojewe “akue kwanza”. Wazazi waombe rufani, hata mpaka hospitali ya rufaa ya kanda jijini Mbeya, na waulize juu ya huduma za utengemao. Wasimfungie ndani, wala wasimpeleke kwa mpiga ramli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto mwenye ulemavu astahili matunzo maalumu, matibabu na nafasi ya elimu. Kwa hiyo mzazi aombapo msaada hospitalini au shuleni, hajipendekezi kwa mtu.

NENO KWA PAROKIA

Bwana wetu aliwakasirikia wanafunzi wake walipowazuia watoto wasimjie. Siku ile altareni tulikuwa upande wa wanafunzi hao.

Tulimwendea mama yule nyumbani kwake, tukamwomba radhi. Hakusema mengi, alituuliza tu kama kweli aruhusiwa kurudi. Sasa huketi na mwanawe katika benchi la mwisho, karibu na mlango na mbali na vipaza sauti. Kabla ya utenzi wenye ngoma, katekista humwashiria kwa mkono. Naye hutoka na mtoto mpaka chini ya mti, na zinaponyamaza hurudi. Waamini wamezoea, wala hawageuki kutazama. Jambo hili halikuigharimu parokia hata senti moja. Twawaomba mapadre wenzetu, makatekista na walimu wa chekechea walijaribu mahali pao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni sauti, harufu au nguo gani ambayo mtoto wetu huikimbia? Twajuaje?

2. Mara ya mwisho tulipomchapa, jambo gani lilitangulia?

3. Katika mtaa wetu yuko mama anayeona haya kutoka na mwanawe. Ni nani kati yetu atakayemtembelea juma hili?