SOMO: KUITENGENEZA PIKIPIKI ILIYOTUMIKA KABLA YA KUIPANDA

Chama cha msingi chenye vituo vya mazao vilivyo mbali hakina budi kuwa na chombo cha kumfikisha katibu vituoni, na kwa vyama vingi chombo hicho ni pikipiki iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Si kosa kununua pikipiki ya namna hiyo. Kosa ni kuitoa kwa muuzaji asubuhi na kuipeleka safari jioni. Maisha ya katibu hutegemea breki ambazo hakuna aliyezifungua, na fedha za wanachama hutegemea oili ambayo hakuna aliyeitazama.

Fungu la fedha

Kosa hili kwa kawaida huanzia mkutanoni, si barabarani. Kamati huidhinisha bei ya kununulia tu, na baada ya malipo hapabaki senti ya matengenezo. Yafaa kamati iidhinishe mafungu mawili kwa pamoja: la kununua na la matengenezo ya kwanza. Tuseme pikipiki imenunuliwa kwa shilingi 1,500,000, na tairi, cheni, oili na kazi ya fundi vimegharimu shilingi 260,000. Kwa kuwa bila matengenezo hayo pikipiki isingefaa kwa kazi, katibu ataandika katika daftari la mali za kudumu shilingi 1,760,000. Matengenezo ya kawaida yatakayofuata yataingia katika matumizi ya mwaka.

Kabla ya kulipa, namba ya chasisi na namba ya injini zilinganishwe na zile za kadi ya usajili. Zikitofautiana, ununuzi usimame mpaka jambo hilo lielezwe na mamlaka inayohusika.

Oili

Injini isiwashwe kabla ya kupima oili. Ikiwa ipo ya kutosha, injini iwashwe dakika mbili au tatu ili oili iwe nyepesi, kisha izimwe na oili yote imwagwe katika chombo safi. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Oili yenye vipande vya chuma yaonyesha kwamba kitu kinalika ndani, na fundi hana budi kuitwa. Chujio lisafishwe au libadilishwe, na oili mpya itiwe kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki. Oili chafu isimwagwe karibu na kisima wala shambani.

Ni lazima kujua aina ya injini. Honda CG125 huweka oili yake chini ya injini. Yamaha AG100, ambayo ni ya viharusi viwili, ina tangi la pekee la oili inayopelekwa na pampu kwenda kuungua pamoja na petroli, na tena ina oili nyingine ya gia. Tangi hilo likikauka, pistoni itakwama ndani ya silinda, hata kama petroli imejaa.

Petroli, hewa na plagi

Kazi hii ifanywe mchana, mahali pa wazi, mbali na moto na sigara. Petroli ya zamani imwagwe katika chupa inayopenyeza mwanga na kuachwa itulie. Maji yatajitenga chini, na kutu itaonekana. Chujio la koki na bakuli la kabureta visafishwe, na bomba la petroli lililopasuka libadilishwe. Chujio la hewa lililojaa vumbi hulisha injini mchanga, kwa hiyo lisafishwe au liwekwe jipya.

Plagi nayo hutoa habari. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi makavu meusi yaonyesha petroli nyingi au hewa kidogo. Plagi ya injini ya viharusi vinne ikilowa oili, huenda ringi zimelika.

Breki, tairi na cheni

Magurudumu yote mawili yafunguliwe. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo, kwa maana breki za zamani huenda zina asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Breki shuu zilizokwisha au zilizolowa grisi zibadilishwe zote mbili za gurudumu hilo. Ikiwa breki ni za diski, majimaji yake yabadilishwe kwa aina iliyoandikwa juu ya kifuniko.

Tairi yaweza kuwa na meno mazuri na bado ikawa imezeeka. Itazamwe ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 1419 ni juma la 14 la mwaka 2019. Yenye nyufa isitumiwe. Njiti za gurudumu zikazwe.

Cheni ipimwe katikati ya sproketi mbili. Ikikaza mno hula beringi, ikilegea mno hutoka. Cheni mpya isifungwe juu ya sproketi zenye meno makali kama ya msumeno, kwani zitaiharibu upesi.

Waya za klachi, breki na mafuta zipakwe oili, na zenye nyuzi zilizokatika zibadilishwe. Mshiko wa mafuta ukiachiwa sharti urudi wenyewe. Taa, honi na betri vijaribiwe.

Majaribio na kumbukumbu

Mwendeshaji mwenye leseni, aliyevaa kofia ngumu, ajaribu kwanza breki uwanjani kwa mwendo wa polepole. Kisha aende kilometa tano hivi na kurudi. Nati zikazwe tena, na uvujaji utazamwe. Baada ya kilometa 500 oili ibadilishwe mara ya pili, kwani ile mpya huwa imekusanya uchafu wa zamani.

Kila lililofanywa liandikwe katika daftari la pikipiki pamoja na tarehe, kilometa, gharama na sahihi ya fundi. Katibu mpya atakayelipokea daftari hilo atajua hali ya chombo pasipo kubahatisha, na mwanachama atakayeuliza mkutanoni atajibiwa kwa hesabu.

Maswali ya kujadili

1. Je, kamati yenu ilitenga fungu la matengenezo iliponunua chombo chake?
2. Ni nani chamani mwenye mamlaka ya kuizuia pikipiki isiende safari ikiwa breki ni mbovu?
3. Daftari la pikipiki liko wapi, na liliandikwa mara ya mwisho lini?