Kamari ya Mpira, na Njia ya Kutoka Humo

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyehalalisha biashara na chumo la jasho. Na sala na salamu zimfikilie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: somo hili limekusudiwa kubainisha hukumu ya kamari ichezwayo juu ya mpira, ambayo vijana huiita kubeti, na dawa ya aliyekwisha kunaswa nayo, kwani wenye kuonya si haba, lakini wenye kumshika mkono aliyeanguka hawajatosha.

FASLI YA KWANZA: HUKUMU YAKE

Kamari, ambayo Kurani imeitaja kwa jina la maisiri, ni kila mapatano ambayo mtu hutoa mali yake naye yuko baina ya mawili: ama ale mali ya mwenziwe bila ya badali, ama aliwe yake. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, Mwenyezi Mungu ameitia kamari fungu moja na ulevi na masanamu na mishale ya kupigia ramli, akayaita yote ni uchafu wa kazi ya Shetani. Kisha akataja sababu: kwamba Shetani hutia kwayo uadui na bughudha baina ya watu, na huwazuia na dhikri na sala. Na katika Al-Baqara, aya ya 219, haikukanushwa kwamba yamo manufaa ndani yake, lakini imehukumiwa kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko nafuu yake. Basi mwenye kusema kwamba fulani alishinda akajenga nyumba, amekwisha kujibiwa.

Suala: Sheria imeruhusu zawadi katika mbio za farasi na kutupa mishale, kwa nini isijuzu katika mpira?

Jawabu: Ruhusa ile ni ya washindanao wenyewe, katika mambo ya kujizoeza vita. Na hata wao, madhehebu ya Imamu Shafi yamewawekea sharti: zawadi ikitolewa na imamu, au mtu wa kando, au mmoja wao, yafaa, wakitoa wote wawili haifai, illa aingie wa tatu asiyetoa kitu, naye awe aweza kushindana nao. Ikiwa wapanda farasi wamefungiwa mlango hivi, aliyekaa barazani na simu mkononi, asiyepiga mpira wala kuuona uwanja, ataingilia wapi?

Suala: Je, akicheza kwa kiasi, kwa shilingi 20 au 50 tu, na akaitawala nafsi yake?

Jawabu: Uharamu haupimwi kwa wingi wa fedha. Imepokewa kwa Abu Huraira, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamrisha atoe sadaka mtu aliyemwambia mwenziwe tu waje wacheze kamari. Ikiwa neno peke yake lataka kafara, tendo je? Tena huko kujitawala hakudumu, kama itakavyobainika katika hesabu.

FASLI YA PILI: HESABU YAKE

Na zichukuliwe timu mbili zilizo sawasawa, ambazo lazima moja ishinde. Mtu mmoja aweka shilingi 100 kwa hii, na mwengine 100 kwa ile. Mwenye kamari amekusanya 200. Amlipa mshindi 190, na 10 zabaki kwake. Yeye hakubashiri kitu, naye hakosi fungu lake.

Ama mkeka, yaani kufungamanisha mechi nyingi katika tikiti moja, khasara yake ni kubwa zaidi. Mechi tano za namna ile, bahati ya kuzipata zote ni moja katika 32. Naye hulipwa chini ya mara 25 ya alichoweka. Mechi kumi, bahati ni moja katika 1,024. Naye hulipwa kama mara 613. Kila mkeka urefukapo, ahadi hunona na haki hukonda. Na mtu akipata nne akakosa moja, hudhani amekaribia, kumbe kukosa moja na kukosa zote malipo yake ni mamoja.

Mfano wa jambo hili ni kijana mchukuzi mwenye kupata shilingi 700 kwa siku. Siku ya kwanza aliweka 50 akapata 400, akajiona mjuzi wa mpira. Baadaye ujira wa juma ukaenda, na karo ya mwanawe ikafuata; kisha akakopa kwa mwenye duka shilingi 12,000, akasema ni za dawa ya mamake. Kila alichopoteza kilimwita arudi akikomboe, na kila aliporudi alizidi kuzama. Sasa hapiti njia ya dukani, na msikitini haonekani, kwa kuwa mwenye duka husali saffu ya mbele. Uadui na kuzuilika na sala, yote mawili yaliyotajwa katika Al-Maida, yamemfika.

FASLI YA TATU: MARADHI YAKE

Matabibu wa zama hizi wameyajua maradhi haya. Shirika la Afya la Dunia, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeuweka uraibu wa kamari fungu moja na uraibu wa ulevi; na ajabu ni kwamba Kurani iliviweka pamoja tangu zamani. Alama zake ni kuficha, na kusema uwongo, na kuzidisha kiasi kila mara, na kukimbilia khasara ili kuirejesha, na kukopa, na kukosa usingizi kwa hamu ya kucheza.

Kuitwa maradhi hakuondoi dhambi, wala kuitwa dhambi hakukatazi matibabu. Mgonjwa huyu ana wajibu mara mbili: kutubu na kujitibu.

FASLI YA NNE: NJIA YA KUTOKA

Toba ina masharti matatu: kuliacha tendo mara moja, kujuta, na kuazimia kutorejea. Ikiwa iko haki ya mtu, huzidi la nne, nalo ni kuirudisha. Mali aliyoishinda si yake. Akimjua mwenyewe amrudishie; asipomjua, huitoa kwa mafakiri na masilahi ya Waislamu, kama alivyonakili Imamu Nawawi kutoka kwa Ghazali, naye hukusudia kujitoa katika haramu, si kutafuta thawabu.

Lakini azma bila ya kuziba milango ni kama kukomba maji mashuani na tundu liko wazi. Basi yampasa, kwanza, amwambie mtu mmoja amwaminiye, mke au ndugu au mwalimu, kwani siri ndiyo chakula cha maradhi haya. Pili, afunge hesabu zake zote za kamari, aombe asifunguliwe tena, na aondoe programu zake simuni. Tatu, ujira wake upokewe na wakili mwaminifu, naye apewe ya matumizi ya siku. Kwani Sura ya An-Nisai, aya ya 5, imekataza kuwakabidhi mali wasioweza kuitunza. Nne, aepuke baraza ya wachezaji, hasa saa za mechi. Tano, aende kwa tabibu wa maradhi ya akili. Nao wako katika hospitali kama Mathari ya Nairobi, Mirembe ya Dodoma, Butabika ya Kampala na Kidongo Chekundu ya Unguja. Na aliyefikwa na fikira za kujiua asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku ile ile. Akiteleza baada ya toba, atubu tena wala asikate tamaa.

Suala: Na deni la yule mchukuzi?

Jawabu: Mwenye duka akimwona hana kitu, Al-Baqara, aya ya 280, yaamuru apewe muhula, na kumsamehe ni bora. Tena uko mlango ambao wengi hawaujui. Katika Minhaji, Imamu Nawawi amenakili kwamba mdaiwa hupewa zaka ikiwa alikopa pasipo maasi. Kisha akazidisha mwenyewe kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba hata aliyekopa kwa maasi hupewa akitubu. Sharti awe mhitaji, na deni liwe limekwisha kufika wakati wake, na dhana yenye nguvu iwe kwamba toba yake ni ya kweli. Na lililo bora ni alipwe mwenye kudai moja kwa moja, kwa idhini ya mdaiwa, fedha zisipite mkononi mwake zikamfitini.

Basi wenye zaka na wazee wa misikiti wasimwache mtu wa namna hii kwa masimango. Anayesimangwa hujificha, na anayejificha hurejea kwenye mkeka. Na mchukuzi yule, siku deni lake litakapolipwa, ataweza kupita njia ya dukani, na kusimama saffu moja na mwenye duka.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na haramu, na awafungulie waliofungwa. Wallahu aalamu. Wa billahi taufiki.