Mtoto Akae na Nani? Haki ya Malezi kwa Wakazi wa Gitega

Wazazi wanapoachana, swali la nani atabaki na mtoto huzungumzwa mara nyingi kana kwamba mtoto naye ni sehemu ya mali inayogawanywa, ilhali sheria ya Rwanda hulianzia swali hilo upande wa mtoto mwenyewe. Ibara ya 18 ya Katiba inawapa wazazi wote wawili haki na wajibu wa kulea watoto wao, na Sheria Na. 71/2018 inayohusu ulinzi wa mtoto, yaani kila ambaye hajatimiza miaka 18, inataka maslahi yake yatangulizwe. Haki ya malezi, ambayo ni mamlaka ya kuishi na mtoto na kumwangalia siku hadi siku, haifai basi kudaiwa kama fidia ya mzazi aliyekosewa katika ndoa.

Katika Gitega, umurenge (kata) wa wilaya ya Nyarugenge ulio karibu na Nyamirambo, jambo hili lina ugumu wake, kwa kuwa zipo familia zilizofunga nikahi msikitini bila kwenda kwa afisa wa usajili, na wengine wameishi pamoja bila ndoa yoyote. Katiba inatambua ndoa ya kiserikali ya mume mmoja na mke mmoja tu, na Rwanda haina mahakama za kadhi kama zilivyo Kenya na Zanzibar. Kwa hiyo talaka ya msikitini, pamoja na uzito wake wa kidini, haiwezi kuamua malezi kwa nguvu ya hukumu. Hata hivyo mtoto hapotezi chochote kwa wazazi wake kukosa cheti cha ndoa. Linalohitajika ni uzazi kuthibitishwa, ama kwa kumbukumbu za kuzaliwa, ambazo tangu 2020 huandikishwa katika kituo cha afya mtoto anapozaliwa, ama kwa baba kumkiri mtoto mbele ya afisa wa usajili, au, ubishi ukizidi, kwa kipimo cha vinasaba (DNA) kinachofanywa na Rwanda Forensic Institute huko Kacyiru. Uzazi ukishathibitika, baba hana pa kukwepea indezo, yaani matunzo ya mtoto, na mama naye hawezi kumzuia baba asimwone mtoto kwa sababu tu hawakuoana. Inafaa kusisitizwa kwamba mambo haya mawili hayalipani: matunzo yasipotolewa hudaiwa kisheria, si kwa kumficha mtoto kwa bibi yake kijijini.

Kuhusu umri, Sheria ya 2016 ya watu na familia iliweka kwamba mtoto wa chini ya miaka 6 akae na mama yake, isipokuwa maslahi yake yawe hatarini. Nafasi ya sheria hiyo imechukuliwa na Sheria Na. 71/2024 ya tarehe 26/06/2024 inayosimamia watu na familia, hivyo anayejiandaa kwa kesi asitegemee nakala ya zamani aliyopewa na jirani.

Kabla ya mahakama wapo Inshuti z'Umuryango, watu wawili wa kujitolea katika kila mudugudu (kijiji), mwanamume na mwanamke, wanaosaidia familia zenye mgogoro. Ushauri wa kisheria usiolipiwa hutolewa na ofisi ya MAJ (Maison d'Accès à la Justice) iliyopo katika kila wilaya. Suluhu isipopatikana, shauri hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na hufunguliwa kwa mtandao kupitia mfumo wa IECMS. Hapo maneno ya hasira hayasaidii kama karatasi: kadi ya kliniki, risiti za ada ya shule, kumbukumbu za fedha zilizotumwa kwa simu, na ushahidi wa mwalimu au jirani anayejua nani humwamsha mtoto na nani humpeleka kwa daktari. Mtoto anayeweza kujieleza ana haki ya kusikilizwa, na mzazi anayemkaririsha la kusema humuumiza mtoto na hujiharibia kesi.

Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa Mahakama ya Kati, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Mtoto aliye hatarini hasubiri tarehe ya kesi: kwake ipo namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116.